Sensa ya Nyota Ndogo



Mvua zimekatika, vumbi la kiangazi bado halijapanda, na anga la uwanda wetu wa kati limetakata. Ndugu zetu wa Bahi, Chamwino na Kongwa, wanaoishi mbali na taa za mji, hawahitaji kuambiwa habari hiyo, kwani wanaiona kila watokapo nje usiku. Sisi wa mjini yatupasa kutembea kidogo. Juma hili nimeona niwaandikie juu ya jambo ambalo limenishughulisha kwa muda mrefu, nalo ni jinsi wanafalaki wanavyofanya sensa ya nyota katika galaksi ndogo na hafifu mno, na kwa nini sensa hiyo imeleta ubishi kwa zaidi ya miaka kumi.

Nianze na sensa tunayoijua. Mwezi Agosti 2022 taifa letu lilihesabiwa, tukapata jumla ya watu 61,741,120, na katika mkoa wetu wa Dodoma watu 3,085,625. Hiyo ndiyo idadi iliyotangazwa redioni. Lakini anayepanga shule na zahanati haridhiki na jumla peke yake. Anataka kujua watoto wa chini ya miaka mitano ni wangapi, vijana ni wangapi, wazee ni wangapi, maana pasipo mgawanyo huo jumla haimwambii ajenge nini.

Kwa nyota, kinachogawanywa si umri bali ni tungamo, yaani kiasi cha mata kilichomo ndani ya nyota, ambacho kwa lugha ya nyumbani tungekiita uzito. Tungamo ndiyo inayoamua karibu kila kitu katika maisha ya nyota. Nyota nzito huwaka kwa fujo, hung'aa mno na kufa mapema. Nyota nyepesi huwaka polepole kama kaa lililofunikwa majivu, na huweza kudumu kuliko umri wote wa ulimwengu, ambao sasa ni miaka bilioni 13.8. Jua letu limo katikati, na maisha yake yote ni kama miaka bilioni kumi.

Mwaka 1955 Edwin Salpeter, mzaliwa wa Vienna ambaye familia yake ilihamia Australia kuwakwepa Wanazi, alichapisha makala fupi yenye swali la kisensa kabisa: nyota zinapozaliwa, nzito ni ngapi kwa nyepesi? Alizitazama nyota za jirani yetu, akazirudishia hesabuni zile zilizokwisha kufa, akapata kanuni nyepesi ya kushangaza. Zipange nyota katika makundi, kila kundi likiwa na tungamo maradufu ya lililotangulia. Kanuni yake inasema kwamba kila ukishuka kundi moja, idadi huongezeka takriban mara mbili na nusu. Baadaye ilionekana kwamba chini ya nusu ya tungamo ya Jua ongezeko hilo hupungua kasi, lakini sura kwa jumla imebaki ileile: nzito ni chache, nyepesi ni umati.

Nao umati huo hatuuoni. Nyota zote mnazoziona kwa macho matupu, karibu bila kubakiza, ni za wakubwa. Mfano mzuri uko upande wetu wa kusini. Karibu na Msalaba wa Kusini kuna nyota angavu iitwayo Alpha Centauri, ambayo jioni za Mei kila mtu wa Dodoma anaweza kuiona. Jirani yake yuko Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiacha Jua, umbali wa miaka ya nuru 4.2 tu, na bado hakuna jicho la mwanadamu lililopata kuiona bila darubini, kwa sababu tungamo yake ni kama sehemu ya nane tu ya ile ya Jua. Aliigundua Robert Innes mwaka 1915, akiwa Johannesburg. Nyota zilizo karibu zaidi nasi nyingi ni za namna hiyo. Anayehesabu kwa macho matupu anahesabu matajiri wa kijiji na kudhani amekihesabu kijiji.

Sasa, je, kanuni ya Salpeter ni ya kwetu tu, hapa katika galaksi yetu ya Njia Nyeupe, au ni ya kila mahali? Ili kujibu yatupasa kwenda mahali pasipofanana na kwetu hata kidogo, na hapo ndipo zinapoingia galaksi hafifu.

Kuanzia mwaka 2005 hivi, wachunguzi waliokuwa wakipekua ramani kubwa ya anga iliyoitwa Sloan walianza kuona vifungu vya nyota vilivyotawanyika kiasi kwamba katika picha ya kawaida havionekani kabisa. Ni galaksi kamili, zinazoizunguka Njia Nyeupe, lakini ndogo kupita kiasi. Moja ni Leo IV, iliyotangazwa mwaka 2006, umbali wa miaka ya nuru kama laki tano. (Nimekwisha kuulizwa kama ilipewa jina la Papa. La hasha! Leo ni simba kwa Kilatini, na hii ni galaksi ya nne kupewa jina la kundinyota la Simba. Papa Leo wa Nne aliishi karne ya tisa, na huyu wetu wa Kumi na Nne, aliyechaguliwa Mei 2025, naye hahusiki.) Mapema mwezi Mei, yapata saa tatu usiku, Leo IV hupita karibu na utosi wetu hapa Dodoma. Msihangaike kuitafuta. Nyota zake zote zikijumlishwa hutoa nuru ya Majua kama elfu kumi. Rigel peke yake, ile nyota ya samawati katika kundi la Orion, huangaza kuliko galaksi hiyo nzima.

Galaksi hizi zina sifa nyingine iliyo muhimu kwa hoja yetu. Ni za kale mno. Nyota zake zilizaliwa miaka bilioni kumi na mbili, pengine kumi na tatu, iliyopita, wakati gesi ya ulimwengu ilikuwa karibu hidrojeni na heli tupu, bila chuma, bila kalsiamu, vitu ambavyo hupikwa ndani ya nyota nzito na kumwagwa zinapolipuka. Sehemu ya chuma kilichomo katika damu ya kila mmoja wetu ilipikwa hivyo. Kwa hiyo, kuuliza uwiano wa nzito na nyepesi katika galaksi hizo ni kuuliza jinsi kazi ile ya upishi ilivyoanza. Na kama kanuni inabadilika kutoka mahali hadi mahali, basi tungamo nyingi za galaksi za mbali zilizokwisha kuandikwa vitabuni zitahitaji kupimwa upya, kwani zilikadiriwa kwa kudhani kwamba kwa kila nyota nzito inayoonekana kuna nyepesi zisizoonekana kwa kiwango kilekile cha kwetu.

Kuna ugumu mmoja ambao nadhani mapadre na makatekista watauelewa haraka. Fikirini parokia ya zamani ambayo kitabu chake cha ubatizo kimeliwa na mchwa. Unataka kujua miaka ya hamsini walibatizwa watoto wangapi. Huna namna ila kuwahesabu wazee walio hai na kukadiria walioondoka. Ndivyo ilivyo huko Leo IV. Kila nyota yenye zaidi ya takriban sehemu nane kwa kumi ya tungamo ya Jua imekwisha kufa zamani. Mnakumbuka kwamba mwaka 2019 Tanzania ilipewa nafasi ya kuipa jina nyota moja na sayari yake, nasi tukaiita nyota Mpingo na sayari Tanzanite. Mpingo ina tungamo kama mara moja na nusu ya Jua. Nyota ya namna hiyo ikizaliwa pamoja na galaksi ya Leo IV, leo isingekuwapo. Miaka bilioni mbili au tatu ingeitosha.

Wanaobaki ni wepesi, na kati ya wepesi, darubini huwaona wale wazitozito tu. Dirisha linakuwa jembamba.

Mtu atauliza, nyota hupimwaje uzito na hakuna mizani inayofika huko? Hupimwa kwa rangi na mwangaza. Padre Angelo Secchi, Mjesuiti wa Roma aliyefariki mwaka 1878, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzipanga nyota kwa maelfu kwa kuichambua nuru yao, akionyesha kwamba nyeupe, za manjano na nyekundu ni jamii tofauti. Baadaye nyota pacha, ambazo huzungukana na hivyo kuruhusu tungamo yao ikokotolewe kwa mwendo wao, zilitoa kipimo cha kulinganisha. Ukijua nyota iko mbali kiasi gani, ina rangi gani na mwangaza gani, nadharia hukupa tungamo yake. Katika galaksi hizi kazi ni rahisi kidogo, maana nyota zote ziko umbali uleule na umri wao unakaribiana.

Mwaka 2013 Marla Geha wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake waliitumia darubini ya angani Hubble kuhesabu nyota za Leo IV na za galaksi nyingine iitwayo Hercules. Waliweza kufika kutoka robo tatu hivi ya tungamo ya Jua hadi nusu yake. Kwa kipimo ambacho Salpeter alipata 2.35, wao walipata 1.2 kwa Hercules na 1.3 kwa Leo IV. Tukirudi kwenye makundi yetu ya maradufu, maana yake ni kwamba huko ukishuka kundi moja idadi haiongezeki mara mbili na nusu, bali karibu haiongezeki kabisa. Nyepesi zilikuwa chache kuliko ilivyotarajiwa. Miaka mitatu kabla, Pieter van Dokkum na Charlie Conroy walikuwa wamedai kinyume kwa galaksi kubwa sana, kwamba huko nyepesi zimezidi. Ukiyaweka matokeo hayo mawili pamoja, ilionekana kana kwamba ukubwa wa nyumba huamua aina ya watoto watakaozaliwa ndani yake.

Nilipokuwa nikilieleza jambo hili siku moja baada ya ibada, mama mmoja alikaa hadi wengine walipoondoka. Binti yake amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, naye amemwambia mama yake anataka kusoma mambo ya nyota. "Baba," akaniambia, "ada nimeilipa kwa karanga na alizeti. Hizo nyota zitamlisha?" Swali hilo si la kijinga, na sipendi wasomi wanaolicheka. Mama anayepalilia alizeti katika ardhi yetu hii, ambayo mvua ikikosa mwezi mmoja tu shamba limekwisha, ana haki ya kuuliza mavuno yako wapi. Binti alikuwa amesimama mlangoni, akajibu mwenyewe: "Mama, kazi yenyewe ni takwimu. Nikikosa nyota, nitahesabu watu." Mama akacheka, ila siku ile hakukubali.

Binti alikuwa na hoja kuliko alivyojua, kwani ubishi uliofuata matokeo ya 2013 ulikuwa wa takwimu tupu. Mwaka 2017 Kareem El-Badry, Daniel Weisz na Eliot Quataert walionyesha kwamba dirisha lile lililoishia nusu ya Jua ni jembamba mno. Wazee wetu wa Kigogo wanasimulia kwamba jina la Dodoma latokana na tembo aliyezama matopeni. Aliyeona mgongo tu ukielea hawezi kuapa kuhusu urefu wa miguu. Vivyo hivyo, maumbo kadhaa tofauti ya mgawanyo hufanana sana katika kipande kile kifupi na kuachana chini yake, na galaksi yenye nyota chache inaweza kukupotosha kwa bahati tu. Hawakusema Geha alikosea kuhesabu. Walisema hesabu hiyo haiwezi kubeba uzito wa hitimisho lililopandishwa juu yake, mpaka mtu afike kwenye nyota za sehemu moja kwa tano ya Jua.

Hapa niwaeleze namna wachunguzi hawa wanavyojihoji, maana ndiyo iliyonivuta kuliko matokeo yenyewe. Picha ya Hubble ina nyota hafifu zinazokaribia kumezwa na giza. Nyingine kompyuta huziona, nyingine huzikosa. Zimekosekana ngapi? Ili kujua, huchukua picha ileile na kupandikiza ndani yake nyota za bandia, maelfu kwa maelfu, za mwangaza wanaoujua wao. Kisha huiamuru kompyuta ihesabu upya kana kwamba haikuambiwa kitu. Kama walipandikiza mia za mwangaza fulani na kompyuta ikaona sitini, wanajua kwamba katika nyota halisi za mwangaza huo, kwa kila sitini walizoziona kuna arobaini walizozikosa. Ni sawa na mtu anayempa mpepetaji mtama wenye punje zilizotiwa alama, ili ajue ungo unapoteza kiasi gani.

Nimeijaribu njia hiyo hapa kwetu. Tulipofanya sensa ya waamini kwa kupitia jumuiya ndogo ndogo, orodha zilikuja nadhifu sana. Niliwaomba makatekista waandike pembeni majina ya watu wanaowafahamu wao wenyewe, hasa wachungaji wa mifugo, wavunja kokoto na mabinti wa kazi za ndani, kisha watazame kama wamo katika orodha. Wenye nyumba zao walikuwamo karibu wote. Mabinti wa kazi za ndani walikuwa wamekosekana kuliko kundi lolote, ingawa wengine wao huimba kwaya kila Dominika. Hakuna aliyewaficha. Aliyehesabu aliuliza kaya hii ni ya nani, akatajiwa baba, mama na watoto. Tumewaandika sasa, na wawili kati yao wameanza mafundisho ya Kipaimara.

Turudi angani, maana kuna mtego mwingine, nao haushughulikiwi na nyota za bandia. Alpha Centauri niliyoitaja hapo juu si nyota moja. Ni mbili zinazozungukana, ambazo jicho huziona kama nukta moja. Huko Leo IV hata Hubble haiwezi kuzitenganisha pacha za namna hiyo. Nyota mbili nyepesi huandikwa kama moja yenye mwangaza zaidi, na hivyo nyepesi hupungua daftarini bila kupungua mbinguni. Mchunguzi hana budi kukadiria pacha ni wangapi, na makadirio hayo hubadili jibu. Kuna pia nyota za Njia Nyeupe zinazosimama njiani, na galaksi za mbali sana zinazojifanya nyota. Zote lazima zichujwe.

Na miaka iliyofuata imeonyeshaje? Mwaka 2018 Mario Gennaro na wenzake walichambua galaksi sita za aina hii kwa picha za Hubble. Tofauti na Njia Nyeupe bado ilionekana katika baadhi yao, lakini si kwa nguvu ileile, na galaksi zenyewe hazikukubaliana. Mwaka 2022 Carrie Filion na wenzake walitoa hesabu ya Boötes I, iliyo karibu zaidi, umbali wa miaka ya nuru kama laki mbili, kwa picha zilizozama chini kuliko zile za awali. Wao waliona mgawanyo unaopatana na wa kwetu. Kwa maoni yangu, ambayo ni ya msomaji tu, mizani sasa imeelemea upande wa kanuni moja kwa wote, ila sioni kwamba kesi imefungwa. Boötes I haiwezi kuisemea Hercules, kama vile jumuiya moja haiwezi kuisemea parokia.

Darubini ya James Webb, iliyorushwa siku ya Noeli mwaka 2021, ndiyo inayotarajiwa kumaliza ubishi. Yenyewe huona miali iliyo nje ya wekundu wa macho yetu, na nyota nyepesi, kwa kuwa ni za baridi, hutoa sehemu kubwa ya nuru yao huko huko. Katika programu zake za mwanzo ilikwisha kuipiga picha Draco II, galaksi hafifu iliyo umbali wa miaka ya nuru kama elfu sabini. Leo IV, kwa kuwa iko mbali mara saba zaidi, itahitaji saa nyingi za kukodolewa macho, na saa za darubini hiyo hugombaniwa na wanasayansi wa dunia nzima.

Binti wa yule mama bado anasubiri majibu ya vyuo. Mama ameniomba nimtafutie kitabu chepesi cha Kiswahili kuhusu nyota, akisema anataka kujua anacholipia. Kama kuna msomaji anacho, akilete ofisini kwa katibu wa parokia siku yoyote kabla ya saa sita mchana.

Nawatakia Dominika njema.